Laptopu ya pesa za mahamri

Dada yangu aliweka bahasha mezani akaisukuma upande wangu. Ndani mlikuwa na shilingi 35,000, nyingi zikiwa noti za mia na mia mbili, zimefungwa mafungu kwa mpira. Dada huuza mahamri na mbaazi asubuhi huko Kisauni, Mombasa, hamri moja shilingi kumi. Nilipiga hesabu papo hapo: mahamri 3,500, na hapo hujatoa unga, sukari, nazi, mafuta wala makaa. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu hapa Tudor, anaripoti mwisho wa Agosti 2025, na kwenye orodha ya vitu alivyotakiwa kuwa navyo, laptopu aliiandika juu kabisa.

"Mjomba, mimi nataka HP," akasema kabla sijauliza. "Wenzangu wote wasema HP."

Kaka yake, aliyekuwa amejilaza mkekani na simu, akainua kichwa. "Dell. Kazini kwetu ni Dell tupu."

Mzee wa jirani, aliyestaafu bandarini na ambaye huja kunywa chai pale kila baada ya magharibi, alisema kompyuta ni Toshiba na IBM. Hizi nyingine, alisema, ni za Kichina tu.

Kila mmoja alikuwa na kampuni yake, na hakuna hata mmoja aliyetaja modeli. Nikamwambia dada bahasha naipokea, lakini nipewe wiki mbili, na binti atembee nami kila nitakapokwenda. Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo.

Mwaka 2019 nilinunua laptopu mpya dukani kwa shilingi 42,000. Nilikuwa nimetoka kufanya kazi katika ofisi moja ya uwakala wa meli ambako meza zote zilikuwa na laptopu za kampuni moja. Zilikuwa nyeusi, nzito kidogo, nyingine zina miaka sita na bado zachapa kazi. Nikaamini kwamba siri ni kampuni. Nikaenda dukani nikaomba yenye jina lile lile. Jina lenyewe silitaji, kwa kuwa nilichokuja kujua baadaye ni kwamba ningeumia vivyo hivyo na kampuni nyingine yoyote.

Ilikuwa ya rangi ya fedha, nyepesi, imetoka kwenye boksi lililofungwa. Ndani mlikuwa na prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Celeron, ile ya daraja la chini, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na hifadhi ya GB 64, nayo imechomelewa. Wakati ule sikujua maana ya hayo. Mimi huweka hesabu za maduka ya leso mtaa wa Biashara, na marejesho ya VAT lazima yawe yameingia KRA, mamlaka ya kodi, kabla ya tarehe 20 kwisha, kila mwezi. Baada ya miezi michache Windows yenyewe ilikuwa imemeza karibu nafasi yote. Kila ikitaka kujisasisha, nafutafuta faili za wateja na kuzihamishia kwenye flashi. Nilipotaka kuongeza RAM nikaambiwa haiongezeki.

Kisha, mwezi wa kumi na moja mwaka 2020, usiku wa tarehe 19, nilifunua kifuniko nikasikia kitu kikikatika. Plastiki ya kona ilipasuka, bawaba ikachomoka na kuvuta waya wa skrini. Giza. Kesho yake nilishinda saiba, duka la intaneti la watu, nikiandika upya jedwali ambalo sikuwa na nakala yake, na rejesho la mwisho likaingia saa nne usiku. Mteja mwenye rejesho hilo alikuwa amenipigia simu mara saba siku hiyo. Mtu aliyekuamini na vitabu vyake vya hesabu, anapoanza kukupigia hivyo, unahisi vibaya kuliko kupoteza mashine.

Fundi niliyempelekea yuko katika kijichumba cha ghorofani karibu na Mwembe Tayari. Hakuniambia bei kwanza. Aliifungua mashine yangu, kisha akachukua nyingine kuukuu ya ofisini, ya kampuni ile ile, akaifungua na kuziweka sambamba.

"Hawa baba yao mmoja, mama mbalimbali," akasema.

Akanionyesha. Kwenye yangu, skurubu za bawaba zilikuwa zimeshika vinati vidogo vya shaba vilivyopandwa ndani ya plastiki; kila unapofungua na kufunga, plastiki ile ndiyo inayobeba mvuto wote, na siku moja huachia. Kwenye ile ya ofisini bawaba zilifungwa kwenye fremu ya chuma. RAM yake ilikuwa kwenye nafasi yake, yachomoka kwa vidole viwili. Diski nayo skurubu moja tu. Kampuni kubwa inaponunua laptopu mia tano kwa mpigo, fundi alieleza, huwa ina mafundi wake na haikubali mashine isiyofunguka. Kwa hivyo mtengenezaji humuundia mteja huyo mashine ya kurekebishwa, na hata kitabu cha namna ya kuifungua hukiweka kwenye intaneti bure. Ile ya rafu ya duka hushindana kwa bei na kwa sura, na mahali pa kupunguza gharama ni ndani, pasipoonekana.

Siku hiyo ndipo nilipojifunza majina ambayo nilipaswa kuyajua kabla ya kutoa pesa. HP ilikuwa na EliteBook na ProBook za kazi, na Pavilion ya nyumbani. Dell, kabla ya kubadilisha majina mwaka 2025, ilikuwa na Latitude ya kazi na Inspiron ya nyumbani. Lenovo ina ThinkPad na IdeaPad. Mtu akisema "chukua Dell", bado hajakwambia kitu. Za nyumbani si zote mbovu, na nimeona watu wakikaa nazo miaka wakiwa na adabu nazo, lakini kwa mtu mwenye bahasha moja tu maishani, nilishaamua niko upande gani.

Kuna jambo jingine alilonionyesha fundi, na hili ni letu sisi wa pwani. Aliinamisha taa juu ya bodi ya mashine ya mteja mwingine, anayeishi nyumba ya mbele kabisa ya bahari. Kando ya viunganishi shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani, kama ule wa sufuria kuukuu. Upepo wa kusi huingia na chumvi na unyevu, na vyote viwili hukaa humo ndani. Laptopu iliyotumika miaka minne katika ofisi ya Ulaya, alisema, mara nyingi bodi yake i safi kuliko iliyotumika miaka miwili dirishani kwa mtu wa hapa. Tangu hapo, nikinunua kilichotumika, swali langu la kwanza ni kilikaa wapi.

Basi Jumamosi ya kwanza ya Agosti nilitoka na mpwa wangu, tukaanzia barabara ya Moi tukaishia barabara ya Digo. Laptopu mpya za kazi zilikuwa juu mno kwetu. Tulichotafuta ni zile zinazoingia na makontena kutoka Uingereza na kwingineko, zikiwa zimestaafishwa na ofisi baada ya miaka mitatu au minne.

Duka la kwanza, kijana mmoja mchangamfu alitutolea mashine nzuri yenye stika ya i7, ngazi ya prosesa za Intel iliyo juu ya i5. "Kaka, i7 yashinda i5 siku zote, na nakupa kwa bei ya i5."

Nilimwomba aifungue tusome jina kamili la prosesa. Ilikuwa i7-7600U. Nikamwonyesha binti ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari: saba, kizazi cha saba. Prosesa hiyo ina viini viwili, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Mezani palikuwa na i5-8350U, kizazi cha nane, yenye viini vinne. Kwa kizazi hicho Intel iliongeza viini kwenye laptopu za kawaida, kwa hivyo i5 ya kizazi cha nane huiacha nyuma i7 ya kizazi cha saba mtu anapofungua mambo mengi kwa pamoja. Kijana hakuwa mwongo, nadhani. Alikuwa amefundishwa kuuza herufi na namba kubwa.

Na kizazi cha nane kilikuwa na uzito mwingine. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba Windows 10 itaachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, yaani miezi miwili mbele, na Windows 11 kwa upande wa Intel hutaka, isipokuwa kwa prosesa chache, kizazi cha nane kwenda juu pamoja na kichipu cha usalama cha TPM 2.0. Ndiyo maana mjini siku zile palijaa laptopu za kizazi cha sita kwa bei ya kuvutia sana. Mwanafunzi wa miaka minne ukimpa mashine ambayo ulinzi wake wa kawaida unakwisha kabla ya mtihani wake wa kwanza, umempa nusu. Nilimwambia binti: chini ya nane hatuulizi hata bei.

Jumla tulipima mashine saba, za kampuni tatu: HP, Dell na Lenovo. Nilikwenda na flashi, simu yenye intaneti na muda. Muda ndio wauzaji wengi wasioupenda, lakini aliye na mali safi hukuletea kiti.

Kila mashine tuliizima na kuiwasha upya tukiingia kwenye BIOS, programu ya ndani inayoamka kabla ya Windows, kwa kubonyeza kitufe chake: HP ni F10, Dell F2, ThinkPad F1. Ikiomba neno la siri, tunarudisha mezani, tunashukuru, tunaondoka. Hilo ni kufuli la ofisi ya zamani, na muuzaji akikwambia "hilo latolewa tu", mwache alitoe kwanza. Moja kati ya saba ilikuwa hivyo.

Halafu betri. Kwenye Windows kuna amri, powercfg /batteryreport, inayokuandikia ripoti: betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na leo inajaa kiasi gani. Mashine moja ilitoka na miliwati-saa 50,000 na imebaki na 19,000. Muuzaji alikuwa ametuambia kwa moyo mmoja inakaa saa tano. Mwingine, tulipomwonyesha tarakimu, alishangaa kikweli, akaniuliza hiyo amri inaandikwaje, akaiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani mwake. Kwake nilirudi.

Kibodi tuliipima kwa Kiswahili. Nilimtaka binti aandike ukurasa mzima kwa kila mashine, si neno moja. Kibodi za Uingereza zina alama ya pauni juu ya tatu, na alama ya @ imebadilishana nafasi na ya kunukuu. Hilo unalizoea kwa siku mbili. Lakini moja ilitoka Ujerumani ikabandikwa vibandiko, na kwa Wajerumani Z na Y hukaa kinyume. Vibandiko vilificha hilo, programu haikurekebishwa, na kila alipoandika "ya" ikatoka "za". Fikiria insha nzima ya Kiswahili ambamo kila "kalamu ya mwalimu" imekuwa "kalamu za mwalimu", na hakuna programu ya kusahihisha itakayokuonya, maana yote mawili ni maneno. Kwa Kiingereza kosa lingejionyesha haraka zaidi.

Kasoro nilizozikuta sizifungamanishi na kampuni yoyote, na si kwa adabu tu. Iliyo nzuri kuliko zote na iliyo mbovu kuliko zote katika zile saba zilikuwa za kampuni moja, modeli moja, zimekaa rafu moja. Mmoja aliyekuwa nayo huko ng'ambo aliitunza, mwingine hakuitunza. Jina lililochapwa kwenye kifuniko halikuweza kutuambia ipi ni ipi.

Rafiki wa binti alishauri MacBook. Nitasema kwa ufupi: tangu Apple ianze kutumia chipu yake ya M1, Novemba 2020, laptopu hizo hukaa na chaji kwa namna ambayo wengine walitaabika kuifikia, na ile ya Air haina hata feni ya kuvuta chumvi ndani. Lakini RAM na hifadhi vimechomelewa, kwa hivyo unanunua leo ukubwa utakaoutaka mwaka wa nne, na bahasha yetu haikufika huko.

Jumamosi ya pili tulibaki na tatu: EliteBook 840 G5, Latitude 5490 na ThinkPad T480. Zote za mwaka 2018, zote i5 ya kizazi cha nane, RAM GB 8, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 256, zote zimepita BIOS na betri. Hapo ndipo mabishano ya kampuni yalipopata maana, kwa sababu sasa tulikuwa tunalinganisha ndugu wa tumbo moja. EliteBook ilikuwa ya alumini, nyembamba, nyepesi zaidi mkononi, na niliona macho ya mpwa wangu yakiirudia. Latitude haikuwa na urembo, ila fundi alikuwa ameniambia kwa simu kwamba skrini na kibodi zake anazo kwenye kabati lake. ThinkPad ilikuwa nene, nyeusi, ile ya kutotazamwa mara mbili. Lakini ina betri mbili. Moja ya ndani, moja ya nje inayochomoka kwa vidole, na unaweza kuibadilisha mashine ikiwa inawaka kwa kuwa ile ya ndani huishikilia.

Sikumchagulia. Nilimuuliza tu stima ilipotea mara ngapi kwao wiki ile.

Alihesabu kwa vidole. "Tatu, mjomba. Na juzi ilikuwa usiku kucha."

Akakaa tena mbele ya ThinkPad akaandika aya mbili. Akaniuliza kama T480 zote ni sawa, swali lililonifurahisha kuliko yote ya siku hiyo. Si sawa: nyingine zilitoka kiwandani na skrini hafifu ya 1366 kwa 768, nyingine na ya 1920 kwa 1080 ambayo haikukamui macho. Tukaangalia. Ilikuwa ya pili. Muuzaji alianza 36,500, tukafunga kwa 33,000, na yule ndiye yule aliyebandika amri ukutani. Niliomba risiti yenye namba ya mashine na dhamana ya miezi mitatu kwa maandishi, akaandika na kupiga muhuri. Zilizobaki, 2,000, zilinunua begi.

Jioni ile tulikuta mzee wa jirani ameshafika. Binti alipofungua kifuniko, mzee akaona kile kidude chekundu katikati ya kibodi, akakigusa kwa ncha ya kidole.

"Hii naijua. Tulikuwa nayo ofisini, ya IBM."

"Ndiyo hiyo, mzee wangu," nikamwambia. ThinkPad ya kwanza IBM iliitoa mwaka 1992, na mwaka 2005 Lenovo ikanunua biashara nzima ya kompyuta ndogo za IBM, pamoja na jina. Toshiba nayo iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya laptopu kwa Sharp mwaka 2018, ikabadilishwa jina kuwa Dynabook, na kufikia 2020 Toshiba ilikuwa imejitoa kabisa. Na hizi HP na Dell za Kimarekani, nyingi zimekuwa zikiunganishwa Uchina na kampuni za Taiwan kama Quanta na Compal, ambazo huwaundia washindani wote wawili. Mzee alinyamaza kidogo, akaomba aandike jina lake. Aliandika polepole, kwa vidole vyote kumi, bila kutazama chini. Sikuwa najua kama alifanya kazi ya kupiga taipu.

Nilimpa binti masharti machache ya mama yake na yangu: haikai dirishani, haikai kitandani juu ya mto ikizibwa pumzi, haifungiwi begini wiki nzima bila kuwashwa maana joto lake ndilo linaloufukuza unyevu, na zile pakiti ndogo za chembe za kukausha zinazokuja ndani ya viatu vipya azitie kwenye begi.

Mwezi wa Desemba alikuja na GB 8 za RAM alizozinunua mwenyewe kwa pesa za kuwachapia wenzake kazi zao za chuo. Tukampelekea fundi pale pale Mwembe Tayari. Fundi alichomoa betri ya nje, akaizima ya ndani kupitia BIOS, akalegeza skurubu na kuinua kifuniko cha chini. Binti alimshikia tochi ya simu na kuinama karibu kabisa, akitafuta ule ukijani niliokuwa nimemsimulia. Alitafuta pembeni mwa viunganishi vyote, kimoja kimoja.

"Hakuna kitu," fundi akamwambia. "Haya, tia mwenyewe. Pembe kwanza, halafu kandamiza mpaka isikike."

Ikasikika.